Bandari Mlangoni, Mwenye Nyumba Hakuulizwa: Kisa cha Serikali ya Amu

Tarehe 2 Machi 2012 Lamu ilipokea wageni watatu wakubwa kwa mpigo: Rais Mwai Kibaki, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia. Walikuja kuzindua LAPSSET, mradi wa bandari ya magati 32 katika Ghuba ya Manda, pamoja na barabara, reli na bomba la mafuta la kuunganisha pwani hii na nchi mbili zisizo na bahari.

Siku ile ungeuliza nani anaisimamia Lamu kwa niaba ya watu wa Lamu, ungekosa wa kukuonyesha. Baraza la madiwani lilikuwa bado lipo, lakini Katiba ya Agosti 2010 ilikwisha kulitangazia mwisho wake. Serikali ya kaunti iliyokusudiwa kuchukua nafasi yake ilikuwa haijazaliwa, kwani uchaguzi ulioileta ulifanyika 4 Machi 2013, mwaka mmoja na siku mbili baada ya sherehe. Kwa hiyo mradi mkubwa kuliko wowote uliopata kufika visiwani humu ulianza wakati mwenye nyumba wa zamani ameshafunga virago na mpya hajakabidhiwa funguo.

Mwaka huo huo wa 2012 kikundi cha wakazi, wakiwemo wavuvi, kiliwasilisha ombi namba 22 katika Mahakama Kuu. Malalamiko yao yalikuwa mengi: mazingira, utamaduni, samaki, habari walizonyimwa. Lakini chini ya yote palikuwa na swali moja, na ndilo lililonifanya nikiandike kisa hiki. Kitu kikubwa kikija kujengwa mlangoni mwa kisiwa kidogo, ni nani wa kuulizwa?

Swali hilo Amu, kama wenyeji wanavyokiita kisiwa na mji wa Lamu, imelijua zamani. Wako wanaodhani utawala wa kisiwa uliletwa na Waingereza, au na ugatuzi. Kabla ya hao wote mji uliendeshwa na wazee waliokaa katika nyumba iliyoitwa Yumbe, na pande mbili za mji, Zena na Suudi, zilipokezana uongozi kwa zamu. Sisemi ilikuwa demokrasia. Watumwa, wanawake na watu wa mashamba hawakuwa na kiti mle ndani, na waliokaa walikaa kwa nasaba. Hata hivyo jambo la mji liliamuliwa mjini, na aliyetaka kitu alijua mlango wa kubisha. Jina la Yumbe leo mgeni atalikuta kwenye nyumba ya kulala wageni.

Yumbe haikuangushwa na adui. Karibu mwaka 1813 jeshi la Pate na Mazrui wa Mombasa lilishuka Shela kuutwaa mji. Watu wa Amu walipigana wakashinda, na masimulizi yanasema maji yalipokupwa vyombo vya wavamizi vilikwama mchangani, wakauawa wakikimbilia mashua zisizoelea. Ushindi ule uliwatia hofu washindi wenyewe: wakirudi tena, itakuwaje? Wazee wakamwomba Seyyid Said wa Maskati awalinde. Akakubali, akatuma liwali na askari, na ngome ikamaliziwa. Mlinzi hakuondoka. Tangu hapo, kwa miaka mia mbili, kila aliyeitawala Amu aliteuliwa mahali pengine: kwanza Maskati na Unguja, kisha Waingereza waliomwacha liwali kitini huku mkuu wa wilaya akishika kalamu, kisha Nairobi.

Uhuru haukubadili sana mwelekeo huo. Baraza la Lamu lilipata madiwani wa kuchaguliwa, lakini sheria ya 1969 ya kuhamisha majukumu iliyanyang'anya mabaraza ya kaunti ya Kenya nzima elimu ya msingi, afya na barabara. Kilichobaki kilikuwa soko, taka, leseni na ada ndogondogo, tena chini ya jicho la Waziri wa Serikali za Mitaa. Kwa mji ambao barabara zake nyingi hazipitishi zaidi ya punda wawili waliobeba mawe, kunyang'anywa barabara huenda kusionekane msiba. Kunyang'anywa afya na shule lilikuwa jambo jingine.

Na ardhi haikuwa mikononi mwa baraza tangu mwanzo. Ndani ya ukanda wa maili kumi wa pwani, sheria ya hati ya 1908 ilimtaka kila mwenye shamba ajitokeze na kudai. Kisichodaiwa kilihesabiwa kuwa cha Mfalme wa Uingereza, na baada ya 1963 kikawa cha serikali. Sehemu kubwa ya Lamu bara iliangukia huko. Katika miaka ya 1970, serikali ilipoanzisha makazi ya Ziwa Kenyatta pale Mpeketoni, ilikuwa inagawa ardhi ambayo kwa karatasi ilikuwa yake. Waliopewa walikuja kihalali, wakalima na kujenga mji. Uzito wa jambo uko kwingine: uamuzi uliobadilisha idadi na sura ya watu wa wilaya nzima haukupita katika ukumbi wowote wa Lamu.

Matokeo yake yanaonekana hata leo kwenye masanduku ya kura. Kaunti ya Lamu ina wadi 10, na zenye majina ya kisiwa cha Amu ni mbili tu, Mkomani na Shella. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti yote, wengi wao wakiishi bara. Tunaposema "serikali ya kisiwa" basi tunasema nusu ya ukweli, kwa sababu Amu imekuwa mshirika mdogo ndani ya kaunti inayobeba jina lake. Watu wa mjini hulalamika kwamba shughuli za kaunti zinavutwa Mokowe, ng'ambo ya mkono wa bahari. Nami huwaelewa, ingawa mtu wa Witu au Hongwe anayelazimika kupanda boti ili kufuata karatasi naye ana lake la kusema.

Haya ndiyo yaliyokuwa nyuma ya ombi namba 22. Kesi ilikaa mahakamani miaka sita. Katika miaka hiyo kaunti ilizaliwa, Issa Timamy akawa gavana wa kwanza, Fahim Twaha akampokea 2017, na katika Ghuba ya Manda kampuni ya Kichina ya CCCC ikaendelea na magati matatu ya kwanza.

Tupime nguvu za pande mbili kwa shilingi. Katika mwaka wa fedha 2013/14, mgao wa Lamu kutoka hazina ya taifa ulikuwa takriban bilioni 1.5, mdogo kuliko wa kaunti nyingine zote 46. Magati matatu yaligharimu zaidi ya bilioni 40. Yaani mradi mmoja wa serikali kuu, uliokaa kwenye maji ya Lamu, ulizidi mgao wa miaka 25 wa kiwango kile. Kwa fedha kaunti isingeweza kuuanzisha mradi huo wala kuusimamisha. Kilichobaki kilikuwa sheria.

Sheria yenyewe imo katika Jedwali la Nne la Katiba, linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Ukilisoma ukiwa na ramani ya Lamu mkononi utacheka kidogo. Serikali kuu imepewa safari za majini, reli, mabomba, na hata safari za anga za juu. Waandishi wa Katiba walikumbuka roketi. Kaunti imepewa uvuvi, afya, mipango na maendeleo ya eneo lake, na "vivuko na bandari, isipokuwa usimamizi wa usafirishaji wa kimataifa na wa kitaifa". Ugomvi mzima umejificha kwenye hiyo "isipokuwa". Meli ya makontena ni ya Nairobi, hilo halina ubishi. Je, shimo la chini ya bahari lililochimbwa ili meli ipite? Mikoko iliyong'olewa kandokando? Samaki waliohama kwa matope? Mipango ya mji utakaoota nyuma ya magati? Kila moja ya hayo lina mkono wa kaunti ndani yake.

Upande wa serikali ulishikilia kwamba LAPSSET ni mradi wa kitaifa. Ni hoja nzito, tena ya kweli: hakuna kaunti inayoweza kujenga njia ya biashara ya nchi tatu, na kama kila mradi wa namna hiyo ungesubiri kura ya kila wadi inayopitiwa, hakuna reli ingefika popote. Mtu akinipinga kwa hoja hii humsikiliza.

Hukumu ilitolewa 30 Aprili 2018. Mahakama haikusema mradi si wa kitaifa. Ilisema kuwa wa kitaifa hakuuondolei mwenye mradi wajibu wa kushauriana na kaunti, maana unagusa kazi ambazo Katiba imeipa kaunti, na ngazi hizi mbili za serikali zimeamriwa kushirikiana. Kutoihusisha Serikali ya Kaunti ya Lamu kukawa kosa la kikatiba. Mahakama ikaona pia kwamba wakazi hawakushirikishwa ipasavyo wala kupewa habari, na kwamba haki yao ya mazingira safi na ya utamaduni wao ilivunjwa. Ikaagiza wavuvi takriban 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Leseni ya mazingira ikarudishwa kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, iangaliwe upya.

Fidia ndiyo iliyobeba vichwa vya habari. Mimi nadhani jambo zito zaidi ni kile kilichofidiwa. Mwenye shamba Kililana ana mahali pa kusimama akasema "hapa pangu", hata kama hati inasumbua. Bahari haina hati. Mvuvi wa Amu anarithi kwa baba yake majina ya miamba, saa za maji kujaa na kupwa, msimu wa kaskazi na wa kusi, na mahali ambapo mshipi hauendi bure. Hakuna afisa wa ardhi awezaye kuvipiga mhuri. Mahakama ilipokubali kwamba haki ya jadi ya kuvua katika maji yale ni haki inayostahili kulipwa, ilikipa sura ya kisheria kitu ambacho serikali zote za juu, tangu za Sultani, zilikiona kama hewa.

Hapo ndipo ninapoona kazi halisi ya serikali ndogo ya kisiwa. Hatuihitaji iwe mjenzi wa magati. Tunaihitaji kwa sababu ndiyo peke yake iliyo karibu vya kutosha kujua kwamba ghuba ile ina wenyewe, na yenye cheo cha kutosha kuyasema hayo mezani kabla mashine ya kuchimba haijashushwa. Angalia mpangilio wa matukio: mvuvi alikwenda mahakamani kwanza, kaunti ikaja kuzaliwa baadaye, na kesi ya mvuvi ndiyo iliyoipa kaunti haki ya kuulizwa. Kawaida mtoto hutetewa na mzazi. Hapa raia aliitetea serikali yake kabla haijachaguliwa.

Lakini nisiisifu kaunti kuliko inavyostahili. Kuulizwa ni haki ya mtu aliye na jibu, na jibu linataka wataalamu wa bahari, wapimaji, wanasheria, mpango wa matumizi ya ardhi na maji ulioandikwa ukakamilika. Mgao wa Lamu ulipanda hadi karibu bilioni 3.1 kufikia 2021/22, na bado kwanza unaliwa na mishahara, hospitali ya King Fahd, boti za wagonjwa, na mafuta ya kufikia vijiji vya Kiunga na Kizingitini. Kaunti ya visiwa hulipia maji mara mbili: mara ya kwanza kuyavuka, ya pili kuyanywa. Kisiwa cha Amu hunywa kutoka visima vya machuguu ya mchanga wa Shela, na machuguu hayo yanataka kulindwa kila siku dhidi ya mtu anayetaka kiwanja chenye mandhari. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo imekuwa kazi ya serikali ya mtaa Lamu, kazi isiyozinduliwa na rais yeyote. Ikishindwa kulinda Shela, haki ya kuulizwa kuhusu Ghuba ya Manda itakuwa ya kuandikwa tu.

Kuna na mpaka mwingine ambao hukumu haikuugusa: usalama. Baada ya wageni kutekwa nyara 2011, na zaidi baada ya mashambulizi ya 2014 na amri ya kutotoka nje usiku, uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku kwa miaka. Uvuvi ni kazi ya kaunti, Jedwali linasema. Usiku, kumbe, ni wa Nairobi. Mvuvi wa kamba-mti aliyekaa nyumbani na taa yake hakuwa na gavana wa kumwendea, kwa maana gavana hana askari. Sitaki kubeza hatari iliyokuwepo, kwa kuwa watu walikufa. Nasema tu kwamba katika kaunti inayopakana na Somalia, neno moja la usalama laweza kusimamisha kazi ambayo Katiba imeigawa kwa wino, na hakuna ombi la mahakamani linaloweza kukimbia kwa kasi ya amri ya siku moja.

Baada ya hukumu yalifuata yale yanayofuata kila hukumu ya fedha nyingi. Mamlaka ya Bandari ilikata rufaa, kisha pande zikakaa kitako kuelewana nje ya mahakama: sehemu ilipwe taslimu, sehemu kwa vifaa vya uvuvi. Wengine waliona ni busara, mashua yenye injini itakayofika bahari kuu badala ya noti zitakazoisha. Wengine waliuliza tangu lini anayedaiwa huchagua deni litalipwa kwa kitu gani. Mimi niko na hao wa pili, ingawa najua mashua huishi kuliko noti. Mvuvi aliyepewa nyenzo za bahari kuu bila kuufahamu mkondo wa huko amebadilishiwa kazi, hakulipwa.

Gati la kwanza lilifunguliwa 20 Mei 2021, na fidia haikulizuia hata siku moja.

Hukumu ile, hata hivyo, haikulala kabatini. Kule Kwasasi, kilomita kama 20 kutoka mji wa kale, kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Juni 2019 baraza la kitaifa la rufaa za mazingira likaifuta leseni yake, sababu kubwa ikiwa kwamba umma haukushirikishwa inavyotakiwa. Ni kisa kingine chenye wahusika wengine, lakini swali ni lile lile, na safari hii lilijibiwa kabla ya ujenzi. UNESCO, iliyoutia mji wa kale kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, nayo imeiandama Kenya mara kwa mara itathmini bandari italifanya nini jiji la mawe. Presha ya Paris, yaliko makao ya UNESCO, ina sauti Nairobi kuliko ya Mkomani. Inauma kuliandika, lakini ndivyo.

Boti zinazotoka Faza na Kizingitini kuja Amu bado zinakata Ghuba ya Manda na kupenya mkondo wa Mkanda, kama zamani. Siku hizi nahodha huangalia kwanza kama kuna meli njiani. Meli ni ya serikali kuu, na lango la maji lililochimbwa kwa ajili yake pia. Samaki waliokuwa pale, kwa mujibu wa Jedwali la Nne, walikuwa wa kaunti.